Ghorofa ya Mama Pimbi

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi wanyama walipokuwa na mitaa yao na majirani wa kuwasengenya, mji wao ulikuwa na sheria moja: kiwanja kimoja, nyumba moja, familia moja.

Sheria hiyo ilimfaa sana Kiboko, mwenyekiti wa mtaa. Uwanja wake ulianzia mtoni ukaishia mbali, na nyumba yake ilikuwa tupu mchana kutwa, maana mwenyewe alishinda majini. Lakini viwanja vilikuwa vimekwisha. Digidigi na mkewe walilala vichakani. Kanga aliatamia mayai yake njiani, akipigiwa kelele na kila apitaye. Na masika yalikuwa karibu.

Mama Pimbi, mjane asiyemzidi paka kwa kimo, alikuwa na kiwanja kidogo cha mawe. Akawaonea huruma.

"Njooni kwangu," akawaambia. "Pembeni hakuna nafasi, lakini juu ipo tele!"

Wakaanza kujenga ghorofa, chumba juu ya chumba. Go! Go! Go!

Mara, puu! Puu! Puu! Kiboko huyo.

"Mama Pimbi! Nini hiki?"

"Nyumba, Mzee."

"Nyumba au kichuguu? Mnausonga mtaa! Bomoa, kabla sijabomoa mimi!"

Mama Pimbi akageuka. Akamtazama Kanga, aliyekuwa akiyafunika mayai kwa mbawa. Akatabasamu.

"Twende kwa Tembo, Mzee wangu. Akisema tubomoe, jiwe la kwanza nitaling'oa mimi."

Tembo, mtawala wa mji, alikuwa barazani akijipepea kwa masikio.

"Haya, kosa lao nini?"

"Wamevunja sheria, Mheshimiwa! Msongamano!" Kiboko akanguruma.

"Msongamano ndio nini hasa?" Mama Pimbi akauliza kwa upole. "Mimi mjinga, nieleweshwe."

Kiboko akatuna kifua. "Ni ardhi kulemewa! Mkizidi kiwanjani, ardhi inadidimia!"

"Lo! Kumbe ni uzito! Basi tupate kipimo. Sijui tumchukue Twiga, maana ndiye mkubwa mtaani..."

"Twiga? Ule mti mkavu?" Kiboko akafoka. "Kipimo ni mimi! Naishi kiwanjani kwangu, na ardhi haijalemewa hata siku moja!"

"Kweli, Mzee?"

"Naapa mbele ya mji mzima!"

Tembo alikuwa amechoshwa na kesi za viwanja. Akapiga mguu chini, di! "Imepita! Sheria ya zamani basi. Kuanzia leo, kiwanja chochote kisibebe uzito wa kumzidi Kiboko."

Wakalaza gogo juu ya jiwe, likawa mizani. Kiboko akaketi upande mmoja, tii! Upande wa pili ukaruka juu.

Mama Pimbi akapanda na wanawe. Gogo kimya. Digidigi na mkewe wakapanda. Kimya. Kanga na mayai yake. Kimya.

"Nani mwingine hana pa kulala?" Mama Pimbi akaita.

Wakachomoza nyasini: kindi, kobe, nguchiro na jamaa zake, hata nungunungu.

"Aaa, miiba yako, bwana!"

"Sogea basi!"

Wakabanana huku wakicheka. Gogo likalia ngwee... lakini Kiboko hakuinuka hata chembe.

Hapo ndipo akili ilipomrudia. "Ngojeni! Mheshimiwa, leo nimekula sana!"

"Nasi tumeshinda na njaa," Digidigi akajibu kutoka juu. "Ukitaka tupimwe upya, tushibishe kwanza."

Tembo akacheka mpaka mkonga ukalia kama baragumu, pooo! "Mama Pimbi, jengeni. Tena mna nafasi ya kuongeza ghorofa nyingine."

Mama Pimbi akashuka, akaenda moja kwa moja kuchanganya udongo. Masika yalipomwagika, vifaranga wa Kanga walikuwa wakilia piyo-piyo chumba cha juu, wakavu kabisa, na kila aliyepita chini alisikia kelele, vicheko na harufu ya chakula. Kiboko naye alikaa peke yake katika uwanja wake mpana mno, hana hata wa kumwambia hujambo.

Basi, wanangu, tieni masikioni na mweke moyoni: anayejifanya kipimo cha wenzake, ajue naye atapimwa.