Makuti Yaliyorudishwa Majini

Moto huchoma paa, bei huchoma mtaa.

Mmeisikia leo asubuhi kwa mtendaji wa kata, alipopita na kipaza sauti kutangaza kwamba tangu upepo ulipong'oa mabati ya watu tumo katika hali ya dharura, na kwamba atakayepandisha bei ya bati, msumari au turubai atafikishwa mbele ya sheria. Akamalizia kwa methali hiyo, nanyi mkacheka kwa sababu muuza mabati wetu alikuwa amesimama palepale, ameinama anafunga kamba za viatu ambavyo havina kamba. Sasa mnaniuliza ilitoka wapi. Mmefanya vyema kuniuliza mimi, maana mtendaji mwenyewe hajui. Aliipata kwa mama yake, na mama yake aliipata kwangu. Kaeni. Na wewe Salha endelea kuchambua mchele, masikio hayashiki ungo.

Chanzo chake ni katika mtaa huuhuu, na aliyekianzisha ni mtu wetu, Shomari, babu yake mama yangu.

Wakati huo bati halijajulikana hapa. Mji mzima uliezekwa makuti, na mtaa wetu ndio uliokuwa wa mafundi wa kuyashona. Wanaume walikwea minazi, wanawake na wanaume wakashona, kisha makuti yakafungwa matita na kuzamishwa katika hori, ule mkono wa maji ya chumvi unaopita nyuma ya nyumba. Yakikaa humo hadi yaive, mchwa hawayagusi tena. Yakitolewa hukaushwa, ndipo huuzwa.

Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa desturi: makuti yaliyo majini si bidhaa. Fundi hayauzi, mnunuzi hayaulizii, hata anayemdai fundi hawezi kuyashika. Ilikuwa desturi nzuri, maana ilimzuia mwenye haraka asiezekewe kuti bichi likaliwa na mchwa mwaka huohuo. Hakuna aliyefikiri kwamba inaweza kutumika kwa ubaya.

Na palikuwa na sheria ya mbiu. Jumbe aliyekuwa mkuu wa mji alikuwa na pembe ya nyati, nayo ilipulizwa kwa janga, likiwa moto, njaa au maradhi. Ikilia, bei zote zimelala. Ndivyo wazee walivyosema, bei zimelala, na hapana ruhusa ya kuziamsha mpaka mbiu ilie mara ya pili. Mwenye kuuza juu ya bei ya kabla ya janga alinyang'anywa bidhaa yake yote wakagawiwa waliopatwa. Msidhani basi kwamba sheria za dharura zimeletwa na kipaza sauti.

Shomari hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili mapema kwa kuwa nawaona mmeshaanza kukunja nyuso. Alikuwa fundi hodari, mcheshi, na alikuwa na tamaa moja tu, kujenga nyumba ya mawe kama za wenye mji. Jirani yake ubavuni alikuwa Mwinjuma. Hao wawili walinyonya ziwa moja, kwa sababu mama yake Mwinjuma alifariki akijifungua, na mama yake Shomari akawalea wote wawili. Walikuwa wakishona pamoja, wakiezeka pamoja, na jioni wakicheza bao na kugombana kama watoto. Wake zao walikuwa wakikopeshana kaa la moto kila alfajiri, na ukiulizwa nani amemkopesha nani zaidi usingejua.

Mwisho wa kaskazi moja, ule upepo wa kiangazi, makuti yamekauka juu ya nyumba, mafuta ya maandazi yalishika moto jikoni kwa mtu. Upepo ulifanya yaliyobaki. Kufikia adhuhuri safu nzima ya mtaa ilikuwa majivu na kuta nyeusi, nyumba ya Mwinjuma ikiwemo. Kwa Shomari upepo uligeuka, moto ukakatikia ukutani. Hakufa mtu, nao wakamshukuru Mungu kwa hilo.

Mbiu ikalia. Shomari aliisikia akiwa uani mwake, amesimama mbele ya makuti makavu yaliyopangwa hadi juu ya ukuta, ambayo hakuna fundi mwingine aliyebaki nayo. Masika yalikuwa karibu. Akayatazama makuti, akaitazama hori, akamwita mkewe.

"Mwanakombo, nishikie tita hili. Tunayarudisha majini."

"Yarudi majini kufanya nini? Si yameshakauka haya?"

"Hayajaiva vizuri."

Mwanakombo alimtazama mumewe muda mrefu. Kisha akashika tita, kwa kuwa alikuwa mke wa zama zile, na mpaka anakufa alikuwa akiitazama mikono yake anaposimulia habari hiyo.

Watu walipokuja kutaka makuti, Shomari aliwaambia bado yamo majini. Anayetaka yatolewe kabla ya wakati, alisema, atalipa bei ileile ya zamani ya kuti, na juu yake ada ya kuyatoa. Ada hiyo ilikuwa mara tatu ya kuti lenyewe, na kwa kuwa kilicho majini si bidhaa, sheria ya mbiu haikuigusa. Jumbe akamwita, akamsikiliza. Alikuwa mtu wa haki, na mtu wa haki ana tabu, hawezi kuvunja desturi kwa kuwa tu imemkera.

"Umepenya, Shomari," alisema. "Bei imelala na wewe umeipita juu. Sina pa kukushikia. Nenda."

Waliokuwa na akiba walilipa huku wakiuma midomo. Mwinjuma alikuja mwisho. Alisimama mlangoni, asiingie, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu azaliwe.

"Hodi, ndugu yangu."

"Karibu, Mwinjuma. Mbona unasimama nje kama mgeni?"

"Nina haraka kidogo. Mke wangu amejikinga jua chini ya mkeka, na unaijua hali yake."

Mkewe alikuwa mjamzito. Shomari alijua.

"Nimekuja kwa ajili ya makuti," Mwinjuma akasema.

"Yamo majini, ndugu yangu. Bado."

"Shomari, mengine nimeyashona mimi. Tumeyatoa sote majini, tukayaanika sote."

Shomari alikwisha kumtajia kila mtu bei ile, na aliona kwamba akimpunguzia mmoja, wote watarudi kudai chao, na nyumba ya mawe itakwenda na maji. Akasema, "Nitakupa kwa ada ya nusu. Usimwambie mtu."

Mwinjuma alicheka kidogo, lakini si kwa ubaya.

"Hata nusu sina. Kila nilichokuwa nacho kilikuwa chini ya paa lile. Basi, nitampeleka mke wangu kwa kaka yake, kule bara. Tutakaa huko masika haya."

"Utarudi lini?"

"Paa likipatikana."

Wakapeana mikono. Shomari alimtazama akienda na moyo ukamuuma, lakini alijiliwaza kwamba masika hayadumu, na mtu hauachi mtaa wake. Hapo ndipo alipokosea. Mtaa huachwa. Unaachwa na mmoja kwa shida, halafu wa pili anamfuata wa kwanza, na wa tatu anaona hana tena wa kumwambia habari za asubuhi.

Mvua zilipoanza walikuwa wameshaondoka wengi, kila mmoja kwa ndugu zake, huyu bara, yule mji wa jirani. Waliobaki ni wale wachache walioweza kununua, nao walinunia mlango wa Shomari. Kuta zisizo na paa zikalowa, zikamomonyoka, zikarudi kuwa udongo.

Fedha alizipata. Alipata mawe na chokaa pia, akaanza kujenga, na siku fulani akaacha ukuta ukiwa umefika kiunoni, bila kusema kwa nini. Mwanakombo alijua. Asubuhi hapakuwa na mtu wa kumkopesha kaa, wala sauti ya mtu akikuna nazi upande wa pili wa ukuta. Msikitini safu ya mbele haikujaa. Lakini uchungu wenyewe ulikuja Ramadhani. Mwanakombo alipika futari kama alivyozoea, akapakua sahani ya jirani, akaifunika kwa kawa, akatoka nayo hadi kizingitini. Akasimama pale na sahani mkononi, anatazama magofu. Shomari alimwona kutoka ndani. Walikula wote wawili, na sahani ile haikuguswa na yeyote.

Siku ya pili ya Idi, Shomari alikodi punda, akawapakiza makuti mazuri kuliko yote aliyokuwa nayo, akaenda bara kumtafuta Mwinjuma.

Alimkuta analima. Mwinjuma alitupa jembe, akamkumbatia, akamwita mkewe atoke amwone mgeni. Alikuwa na nyumba ya nyasi na shamba la mihogo, na mtoto wa kiume mgongoni kwa mama yake. Walimchinjia kuku, wakamkalisha mahali pa heshima. Na heshima hiyo ndiyo iliyomtesa, kwa sababu Mwinjuma hakuwahi kumfanyia heshima maishani, alimfanyia utani.

"Nimekuletea makuti," Shomari akasema. "Si ya kuuza. Ni yako. Turudi nyumbani tukaezeke."

Mwinjuma alichukua kuti moja, akalipapasa mshono.

"Hili nimelishona mimi. Nautambua mkono wangu."

"Basi turudi."

"Nilikusamehe siku ileile, Shomari, tulipopeana mikono. Ulale salama kwa hilo."

"Sikuja kwa msamaha. Nakutaka wewe."

Mkewe Mwinjuma alikuwa amesimama karibu, na ndiye aliyejibu, kwa upole.

"Shemeji, mvua ya kwanza ilinikuta njiani, na mtoto huyu nilimzaa katika nyumba ya watu nisiowajua. Waliniezekea kwa nyasi zao, hawakuniuliza bei. Sasa hao ndio majirani zangu. Nitawaambia nini nikiondoka?"

Mwinjuma alimsindikiza Shomari mbali, mpaka kwenye njia panda, na walipoagana alimshika mkono wala hakuuachia upesi. "Nakikumbuka kila kitu cha pale," alisema. "Hata harufu ya hori maji yakipwa. Usidhani sikumbuki." Kisha akageuka akaenda zake, na hawakuonana tena.

Mwaka huo nyumba ya Shomari yenyewe ilihitaji kuezekwa upya. Ninyi watoto wa bati hamjui kazi hiyo. Mtu mmoja hukaa juu ya paa, mwingine husimama ndani ya nyumba. Wa juu huweka kuti juu ya fito na kupitisha kamba chini, wa ndani huipokea, huizungusha kwenye fito na kuirudisha juu, kisha huvuta pamoja. Hawaonani, wanasikiana tu. Miaka yote Shomari alikuwa juu na Mwinjuma ndani.

Hakuna jirani aliyekuja siku hiyo, kwa hiyo Mwanakombo aliingia ndani kushika kamba. Shomari akapanda na yale makuti mazuri aliyorudi nayo kutoka bara. Akaweka kuti la kwanza, akapitisha kamba, akaita kama alivyoita maisha yake yote.

"Mwinjuma, vuta!"

Kamba ilitulia. Mwanakombo alisimama chini ameishika, ameinua uso kwenye ule mwanga unaopenya kati ya fito. Angeweza kumwambia, ni mimi. Hakumwambia. Alivuta kamba, naye akasikia juu yake mwanamume mzima akilia, na kazi ikasimama hapo kwa siku hiyo.

Shomari aliteremka, akaenda moja kwa moja kwa Jumbe, vumbi la paa la zamani likiwa bado kichwani mwake.

"Jumbe, ulisema huna pa kunishikia," alisema. "Nimekuja kukuonyesha. Mbiu ikilia tena, na makuti ya majini nayo yahesabiwe. Na ada ya kuyatoa, na ada ya kuyabeba, na kila jina ambalo mtu mjanja ataipa bei yake, vyote vilale. Moto ulichoma paa tu. Paa tungeliezeka kwa siku mbili. Bei yangu ndiyo iliyochoma mtaa."

Jumbe akaifanya sheria. Tangu hapo kila mbiu ilipolia kwa janga, mpiga mbiu alitamka kwanza maneno ya Shomari, akiyafupisha jinsi mnavyoyasikia leo. Watu wakayasahau yaliyompata mwenyewe wakabaki na maneno.

Shomari aliishi miaka mingi baada ya hapo. Nyumba ya mawe hakuimaliza. Mnauona ule uwanja ubavuni mwa nyumba yetu, mnapochezea mpira? Ndicho kiwanja cha Mwinjuma. Shomari alikifyeka kila mwaka mpaka akafa, na hakuruhusu mtu kujenga, akamwusia mwanawe, na mwanawe akamwusia mama yangu, na mama akaniusia mimi. Watu wa ardhi huja na kamba zao za kupimia wakauliza mwenye kiwanja ni nani na yuko wapi. Tunawaambia amesafiri.

Moto huchoma paa, bei huchoma mtaa.