Gari Lililoshindwa Mlima wa Kwefingo

Asiyeuliza mlima hulaumu gari. Mmemsikia yule mama akimwambia binti yake sokoni, mkacheka, mkasema tangu lini mlima ukajibu. Basi sogeeni niwaeleze. Methali hii wala si ya kale kama mnavyodhani, na ilianza hivi.

Kwefingo ni kijiji kilicho juu kabisa milimani, huko ambako kabichi hushiba mpaka zikapasuka na ukungu huondoka ukijisikia. Wakulima wake walikuwa na chama chao cha mboga, na kwa misimu mingi walichangishana ili wanunue pikapu yao wenyewe. Walichoka kukodi magari ya watu. Mboga ziliwaozea njiani, na mgonjwa akizidiwa alishushwa kwa machela hadi barabara kuu.

Katibu wa chama alikuwa Salehe Shemzigwa, mtu wa makamo, nadhifu, mwenye ulimi mtamu. Hakuwa mtu mbaya, ila alipenda sifa, na mpenda sifa hashibi. Chama kilimtuma Tanga akachague gari. Siku ya kuondoka, shangazi yake Mwanaidi, mama aliyeheshimika kuliko wote chamani, alimshika mkono.

"Mwanangu, lolote litakalokupendeza, lipakie viazi kwanza ulipandishe mlima wetu. Usiamini mdomo wa mtu, wala wako."

"Nimesikia, Shangazi."

Huko Tanga alikuta pikapu mbili zilizomfaa. Ya kwanza ilikuwa ya mseto, yenye injini ya petroli inayosaidiwa na betri. Bei yake ilikuwa ya wastani, ilikunywa mafuta kidogo, na haikuhitaji kuchomekwa kwenye umeme. Ya pili ilikuwa ya umeme mtupu. Bei yake ilikuwa ya juu, ingekomba akiba yote ya chama, lakini haikujua petroli wala kubadilisha oili. Muuzaji akampa aiendeshe kwenye barabara ya ufukweni, tambarare kama mkeka. Salehe akakanyaga, gari likaruka kama swala bila kutoa hata mlio. Watu wakageuka kumtazama, naye moyo wake ukaishia pale.

Muuzaji alikuwa mkweli. Alimwambia, "Mzee, hili lina nguvu sana, lakini likibeba mzigo mlimani, chaji hushuka upesi kuliko ilivyoandikwa. Na huko kwenu umeme ukoje? Nitawapa dereva, mlichukue siku nzima mkalijaribu."

Salehe alijua umeme wa Kwefingo ulikatika kila mvua ilipotishia. Lakini aliogopa jaribio. Aliogopa litamwonyesha asichotaka kukiona, arudi nyumbani na ile nyingine, ambayo mtu yeyote angeweza kuwa nayo. Akasema hakuna haja.

Kwenye mkutano wa chama alieleza vizuri mno. Alilinganisha bei, akalinganisha mafuta, akawaonyesha jinsi petroli watakayoiokoa itakavyorudisha gharama. Watu wakapiga makofi. Ndipo Shangazi Mwanaidi akainua mkono.

"Mlima umeupanda nalo, likiwa na mzigo?"

Angeweza kusema hapana, wangelichukua kesho yake wakalijaribu, basi. Lakini makofi yalikuwa bado masikioni mwake.

"Nimeupanda, Shangazi. Lilipanda kama halikubeba kitu."

Gari likanunuliwa. Na kwa kweli mwanzoni liliwapendeza. Lilishusha kabichi mpaka soko la bondeni, na kwa vile lilijichaji lenyewe likiteremka, watu waliona kama miujiza. Kupanda lilirudi tupu, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Salehe alitembea kifua mbele, na uongo wake akausahau, kama mtu anavyosahau mwiba usiouma.

Kisha Mzee Shechambo, mume wa Shangazi Mwanaidi, akafariki katika hospitali moja huko Tanga. Salehe akaondoka alfajiri na dereva wao, Kihiyo, kwenda kumleta marehemu azikwe siku hiyohiyo kabla ya jua kuzama. Usiku ule umeme ulikuwa umekatika na betri haikujaa. Kihiyo alisita. Salehe akamwambia itatosha, kwani imeandikwa itatosha.

Wakati wa kurudi hawakusimama kuchaji, wasichelewe maziko. Jeneza lilikuwa nyuma pamoja na ndugu waliojazana kulizunguka, na Shangazi Mwanaidi, aliyekuwa akimuuguza mumewe huko, alikaa mbele na tasbihi mkononi. Tambarare walikwenda vizuri. Walipoanza kupanda, Salehe aliiona chaji ikishuka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Alisali kimoyomoyo. Kwenye kona kali, kijiji kikionekana kule juu, gari likapunguza mwendo, likatambaa, likasimama.

Kihiyo akashuka akaweka mawe nyuma ya magurudumu. Salehe akashuka pia, akaupiga mlango teke.

"Wametuuzia gari bovu hawa! Matapeli wakubwa! Nitawapeleka mahakamani!"

Shangazi Mwanaidi alishusha kioo taratibu.

"Salehe. Ule mlima uliotuambia umeupanda na mzigo ni upi?"

Ndugu wote nyuma ya gari walikuwa wakisikiliza. Salehe alitazama viatu vyake.

"Hakuna, Shangazi," akasema. "Sikuupanda. Nilisema tu."

"Ulitudanganya."

"Niliwadanganya."

"Basi gari uliache. Gari halikumwahidi mtu kitu. Asiyeuliza mlima hulaumu gari." Akafungua mlango. "Haya, mteremsheni mume wangu. Tutampeleka kwa miguu."

Wakalitoa jeneza wakaliweka mabegani. Salehe alichukua upande wa mbele na akakataa kupokewa, mpaka bega likavimba. Nyuma yake alisikia pumzi za shangazi yake, mama mwenye magoti mabovu, akipanda jiwe kwa jiwe. Maumivu ya bega aliyaweza. Zile pumzi hakuziweza. Watu wa Kwefingo waliposhuka kuwapokea na kuuliza gari liko wapi, kila mmoja alimgeukia Salehe, na macho yale yalimuunguza kuliko matusi. Mzee Shechambo alizikwa giza likiingia, baadhi ya wageni waliotoka mbali wakiwa wameshakata tamaa na kuondoka bila kumzika.

Matanga yalipokwisha, Salehe aliitisha mkutano, akasimama, akasema yote bila kupamba. Mara hii hapakuwa na makofi. Akajiuzulu ukatibu, nao wakaupokea uamuzi wake. Gari hawakuliuza. Walilipeleka bondeni, kwenye umeme wa uhakika na njia tambarare, na huko likafanya kazi nzuri ya kusambaza mboga sokoni, likawaingizia faida. Baadaye wakanunua ya mseto kwa ajili ya mlima. Shangazi Mwanaidi alitaka Salehe aende naye kuchagua. Walilijaza viazi, wakalipandisha mlima mzima, likafika juu likinguruma bila kusita. Mama yule alimgeukia mpwa wake akasema, "Unaona, lilikuwa jambo la asubuhi moja tu." Salehe hakuweza kumtazama usoni.

Alimsamehe, naam. Lakini neno alilolisema pale konani ndugu waliondoka nalo. Likashuka mlima, likafika masokoni, watu wakalitumia kwa anayeoa bila kupeleleza na kwa anayekodi shamba asiloliona. Miaka mingi baadaye, Salehe akiwa mzee, alikuwa akinunua chumvi kwenye duka la mji wa mbali. Kijana mmoja alikuwa akilalamikia mbegu za mahindi kwamba ni mbovu, na mwenye duka akamjibu kwa lile neno, kisha akamgeukia mteja wake mgeni.

"Au nasema uongo, mzee wangu?"

"Husemi uongo," Salehe akajibu. Akaichukua chumvi yake, akatoka akiwa ameinamisha kichwa.

Ndiyo hiyo, wanangu. Asiyeuliza mlima hulaumu gari.