Mchi wa Mwanatumu

Mkono ni wa mtu, kipimo ni cha watu. Mmeisikia kwa mafundi leo, mkaniuliza imetoka wapi. Sogeeni basi. Methali hii ilianza hivi.

Ilianza kwa mshindo. Pu! Kisha tena, pu! Mwanatumu, mjane, alikuwa akimlisha uji mama yake aliyepooza, ndani ya kibanda kinachovuja. Aliweka bakuli chini, akatoka mbio.

Boriti mbili zilikuwa zimeanguka sakafuni, katika nyumba mpya aliyokuwa akijengewa, isiyo na paa bado. Juu ya ukuta alisimama Famau, mwashi, ndugu wa marehemu mumewe, mrefu kama mnazi. Chini alisimama Kombo, mkata boriti, mfupi wa kimo lakini si wa maneno.

"Nilikwambia chumba mikono sita," Famau alifoka. "Ukaniletea miswaki!"

"Nami nikakata mikono saba, ncha zilale ukutani. Wewe umejenga uwanja wa ngoma!"

Wote wawili walisema kweli. Enzi hizo kila fundi alipima kwa mkono wake, tangu kiwiko hadi ncha ya kidole. Kumwambia apime kwa mkono wa mwenzake kulikuwa kumvua ufundi.

Ngurumo ikapita juu ya mikoko. Masika hayo, na mama hawezi hata kuketi.

Mwanatumu hakulia. Alileta mchi wake wa kutwangia, akaulaza juu ya boriti. Boriti ilikuwa na urefu wa michi mitatu.

"Chumba kiwe michi miwili na nusu, nusu iliyobaki ilale ukutani," akasema. "Ukuta huu usogee."

Famau akacheka. "Mimi nipimiwe kwa mchi wa jikoni? Huo mkono wa nani, shemeji?"

"Si wa mtu. Ukiushika wewe, ni huu. Akiushika Kombo, ni huu huu. Haurefuki kwa kiburi."

Akaufuata ukuta, akaanza kung'oa mawe. Vidole vikachubuka, hakuacha. Kombo akamfuata, akang'oa naye. Famau akatazama kazi yake ikibomoka, akatazama wingu. Akashuka.

"Nipe huo mchi."

Walijenga upya wingu likiwatisha, na safari hii boriti zikakaa. Mvua ilipoanguka ilimkuta mama kitandani chini ya paa jipya, mkavu.

Famau akasimama mlangoni, mchi mkononi.

"Shemeji, mama akiwa shahidi, nakuahidi: sitainua ukuta tena kabla mimi na mwenzangu hatujashika mchi mmoja. Mkono ni wa mtu, kipimo ni cha watu."