Anatafutwa Siwema, Mpika Gongo

Siwema Mbonde, mpika gongo wa nyuma ya stendi, alikataa kuendelea kumnywesha bure mkuu wa kituo, Inspekta Lugendo. Sheria iliamka ghafla. Kesho yake uso wa Siwema ulibandikwa mji mzima, hadi kwenye mlango wa choo cha soko: ANATAFUTWA.

Siku kamanda wa mkoa alipokuja kukagua kituo, Siwema alijipeleka mwenyewe.

“Umejileta, mama?” Lugendo alicheka, akachomoa pingu. “Kamanda yumo chumba cha pili. Leo mimi napanda cheo, wewe unalala ndani.”

“Hongera, afande. Ile picha yangu mmeipata wapi?”

“Polisi tuna njia zetu.”

“Nzuri mno, sema mmeikata. Nimemletea kamanda nzima, ile tuliyopigwa jikoni kwangu, wewe na sare yako na glasi mkononi. Asije akahangaika kumtafuta mmoja, kumbe tuko wawili.”

Pingu zilirudi kiunoni. Kamanda alitoka na tangazo mkononi, akalitazama, akamtazama Siwema.

“Lugendo, si ndiye huyu?”

“Hapana, afande,” alijibu Lugendo. “Huyu mama hafanani naye hata kidogo.”