Kindi na Neno la Kwenda

Paukwa!

"Pakawa!"

Pakawa na nani?

"Tuambie wewe!"

Pakawa na Fisi mwenye tumbo, Kindi mwenye meno, na Mbayuwayu mwenye safari. Mwenye usingizi akanawe uso, mimi sirudii.

Basi Kindi alikuwa na rafiki mmoja tu, Mbayuwayu. Na Mbayuwayu mnamjua, si ndege wa kukaa. Vuli ikianza, huyo anakuja. Masika yakibisha hodi, huyo anaondoka, anarudi kwao Hispania, nchi ya mbali mpaka Kindi akijaribu kuifikiria kichwa kinamuuma. Akishaondoka, Kindi hula kokwa zake bila ladha, macho juu, shingo imekakamaa.

"Nifundishe lugha ya kwenu," akamwambia mwaka ule. "Ukiondoka, nibaki na kitu chako mdomoni."

Wakakaa kwenye tawi la mkuyu. Mbayuwayu akaanza na kitenzi chao cha kwenda.

"Jina lake *ir*," akasema. "Ni mama mwenye watoto sita, na hakuna hata mmoja aliyefanana naye. Mimi naenda, *voy*. Wewe unaenda, *vas*. Yeye anaenda, *va*. Sisi tunaenda, *vamos*. Ninyi mnaenda, *vais*. Wao wanaenda, *van*."

"Rudia lile la sisi," akasema Kindi.

"*Vamos*."

"Tena."

"*Vamos*. Mbona umeling'ang'ania hilo?"

Kindi akatafuna ukucha. Mabawa hana, na alijua hana. Lakini neno lile lilimkaa moyoni, akawa analala nalo na kuamka nalo.

Sasa katikati ya somo Mbayuwayu akakumbuka kwao. Akaisimulia nyumba anayojenga kiota chake, chini ya dari, pale wenyewe wanapotundika mapaja ya nguruwe yakauke. Mapaja manono, yananing'inia tu. Na chini ya mkuyu nani kajilaza, masikio wima? Fisi! Mate yakamtoka, choro, choro, choro.

Kesho yake Mbayuwayu akashuka dimbwini kuoga. Mabawa yangali yamelowa, pwaa! Tenga la kufungia kuku likamfunika, na Fisi akalikalia.

"Nifundishe niende," akasema Fisi.

"*Voy*," akasema Mbayuwayu. "*Vas, va*..."

"Hao wengine wa nini? Naenda mimi tu!"

"Basi *voy*."

"Na nikifika nikataka kula?"

"*Voy a comer*. Naenda kula."

"*Voy a comer!*" Fisi akacheka, hii-hii-hiii.

Ikawa ndiyo kazi. Fisi anakuja, anakalia tenga, anasema, "Nifundishe niende." Ndege anasema *voy*. Fisi anasema *voy*. Na kila akisema *voy a comer*, anachungulia ndani ya tenga na kujilamba, kwa sababu alishapanga kuanza safari na mwalimu tumboni.

Huku juu mbayuwayu wengine walikuwa wanakusanyika kwenye miti mikavu. Masika yalinukia. Wakishaondoka, yule wa tengani hataijua njia peke yake, na kwao hatakuona tena.

Kindi akaja kuchungulia Fisi alipokwenda kunywa maji, tenga kaligandamiza kwa jiwe. Na moyo wake, mbaya ule, ukamnong'oneza: subiri kidogo. Wenzake waondoke kwanza, ndipo umtoe. Atabaki, hana pa kwenda. Utakuwa naye masika, utakuwa naye kipupwe, hutakaa tena na shingo iliyokakamaa. Kindi akautaka sana mwaka huo.

Ndipo akasikia sauti ndogo ndani ya tenga. Mbayuwayu alikuwa anatazama juu kupitia matundu, anasema peke yake: "*Van... van... van...*" Wao wanaenda.

Kindi akaona haya, akafuta macho kwa mkia, akalitia tenga meno, lakini kabla halijatoboka akasikia hatua. Fisi aliporudi, akamkuta amesimama kwa adabu.

"Shikamoo, Mzee Fisi."

"Marahaba, kitafunwa."

"Nasikia unasafiri."

"*Voy!*"

"Mashallah! Unaitema kama mwenyeji. Na radhi ya mwalimu umeshaichukua?"

"Radhi?"

"Mzee, unaondoka bila radhi ya mwalimu wako? Utafika mlangoni kwa watu, ulimi ufe ganzi. Mapaja yale pale, wewe hata hodi haikutoki."

Fisi akameza mate. Hata fisi anaiogopa radhi ya mwalimu. "Basi anipe humo humo tengani."

"Na bawa atakuwekeaje kichwani? Mwanafunzi anainama, anafumba macho, mwalimu anamshika kichwa, anamwombea. Ndivyo watu wanavyoagana na walimu wao."

Fisi si mjinga wa kupindukia. Akapitisha mkono chini ya tenga, akamfunga ndege mguu kwa kamba, ncha ya pili akajifunga yeye. Ndipo akafunua tenga, akainama, akafumba macho. Mbayuwayu akamwekea bawa, akaanza dua, polepole. Kindi akaishika kamba kwa meno. Kwaru, kwaru, kwaru.

"Nini hicho?" akauliza Fisi.

"Mimi, Mzee. Nasaga meno kwa uchungu, unatuacha."

"Vumilia, mwanangu. Sirudi."

"Itikia amina, Mzee, tena kwa nguvu!"

"Aminaaa!"

Kwaru, kwaru, tap! Kamba ikakatika.

Mbayuwayu hakuruka pale pale. Alimtazama Kindi, akamuuliza kwa sauti ya chini, "*Vamos?*"

Neno lenyewe lile. Kindi akatikisa kichwa. "*Vas*," akasema. Wewe unaenda.

Frrr! Ndege huyo, juu kwa wenzake. Kindi naye huyo, mkuyuni.

Fisi akafumbua macho. "Mwalimu yuko wapi?"

"*Va*," akasema Kindi toka juu. "Yeye anaenda. Hilo ulikataa kujifunza."

Mpaka leo Fisi anazunguka porini akipiga kelele, "Vooo-i! Vooo-i!" na haendi popote. Na Kindi, kila vuli ikinukia, hupanda mpaka ncha ya mkuyu. Kuna mwaka Mbayuwayu huja, kuna mwaka huchelewa mpaka Kindi hushindwa kula. Neno lake, *vamos*, bado analo mdomoni, hajapata wa kulisema naye.

Funzo? Funzo ni kwamba Fisi ndiye aliyekuwa na akili. Mkijifunza lugha za watu, jifunzeni *voy* muishie hapo. Mimi, mimi, mimi, inatosha. Hiyo *vamos* iacheni, inauma bure.

Ngano nimeitua. Iliyemnogea aondoke nayo, iliyemkera aniachie, nitamsimulia Fisi. Harufu ya mchuzi imeshafika hapa. Haya inukeni, msiniache nyuma.

*Vamos.*