Sukari Ilivyomfichua Shomvi

Hapo kale pafu lilikuwa mji mtulivu. Wakazi wake walikuwa chembe hai, wadogo wasioonekana kwa jicho, kila mmoja na nyumba yake kando ya kichochoro cha hewa. Mto wa damu uliwaletea sukari, upepo ukachochea mafiga, na desturi ilikuwa moja: sukari ipikwe polepole mpaka iishe, lisibaki hata tone. Kidogo kilitosha nyumba nzima.

Kisha moshi ukaanza kuingia mjini, asubuhi na jioni, ukiunguza mapaa. Bi Mize, mkazi mmoja wa kichochoroni, alitengeneza paa lake, likaungua, akatengeneza tena. Jirani yake Shomvi, mzaliwa wa kichochoro hichohicho, alichoka. Hakuwa mwovu, aliogopa kulala nje. Siku moja akaepua sukari kabla haijaiva, akaona inanata kama udongo mzuri. Akaikandika ukutani. Ukuta ukasimama.

Hakuivisha tena. Na kwa kuwa chungu kilichoepuliwa mapema hakishibishi, alichota sukari bila kupumzika, na maji machachu yaliyobaki akayamwaga uani kwa Bi Mize.

"Shomvi mwanangu, upepo tele mlangoni pako. Mbona hupiki ikaiva?"

"Kuivisha ni kwa wenye nafasi, Bi Mize. Mimi najenga."

"Unajenga nini tena? Juzi ulikuwa na chumba, leo umefika chooni kwangu!"

Shomvi akacheka, akaongeza ukuta. Kichochoro kikaziba, Bi Mize akaanza kukosa pumzi. Akawaita walinzi wa mji. Walikuja kwa kishindo, lakini uchachu wa maji yale ukawalevya, wakaketi langoni wakisinzia.

Hapo Bi Mize akaikumbuka njaa ya jirani yake. Akatwaa sukari, akaichovya katika mwanga ili ing'ae popote itakapokusanyika, akaiachia mtoni. Nyumba nyingine zilionja tu. Kwa Shomvi iliingia kwa pupa, kuta zikawaka hata waganga walio nje ya mji wakaziona, wakajua pa kuingilia.

"Ole wako, mwanangu," alisema Bi Mize. "Sikukusema mimi, imekusema njaa yako."

Na tangu siku hiyo, anayeshukiwa kuwa na saratani ya pafu huweza kutiwa mshipani sukari yenye alama, waganga wakatazama inakokusanyika. Si kila panapong'aa pana Shomvi. Kidonda kinachopona nacho hula sana. Lakini mara nyingi njaa humtoa mafichoni. Naye Bi Mize, kila moshi unapoingia, hulitazama kwanza paa la jirani, ndipo alitazame lake.