Jina la Zimwi la Mlimani

Sogeeni motoni, wanangu, mnitegee masikio. Hapo kale huko Upare, msichana mmoja, Namkunda, alitamani kujua habari za kale za msitu wao wa mlimani. Wazee wakamwambia, "Azijuaye ni zimwi, nalo hula watu." Akaenda msituni hivyo hivyo.

Zimwi likamkamata, naye akasema amekuja kuuliza habari za kale. "Uliza upesi, kisha nikule!"

"Nani waliishi humu kwanza?"

"Babu zako, wahunzi."

"Mbona walihama?"

"Walifuata maji bondeni."

"Na wewe, mama yako alikuitaje?"

Zimwi machozi yakalitiririka. "Hajaniuliza mtu jina langu tangu mama alipokufa. Aliniita Mbonea."

Likamwachia, likamsimulia yote mpaka jua likashuka, likamsindikiza kwao. Tangu hapo wakata kuni huingia msituni wakiita, "Shikamoo, Mbonea!" Nalo huitikia, likawatwika mizigo.